Bibi wa Mabuti Kwenye Mnada wa Samaki

Sikulazimishi uniamini. Lakini niliyoyaona Darajani niliyaona kwa macho yangu haya mawili, mchana wa jua kali, na wala sikuwa na homa. Mimi ni mtu wa soko. Nauza ndimu na pilipili pembeni ya mnada wa samaki, kwa hiyo vituko nimevizoea. Nimeona mbuzi kapakiwa kwenye vespa, katulia kuliko dereva. Nimeona kabati la kioo likipita juu ya baiskeli, na mabwana wazima wakilifuata nyuma ili wapate kuweka sawa kofia zao. Hayo ni ya kila siku, nacheka kisha naendelea na kazi.

Siku zile, hata hivyo, kicheko kilikuwa kimenikauka. Babaangu ndiye aliyekuwa mnadi pale, na sauti yake ilikuwa ikisikika mpaka kituo cha daladala. Kisha akapooza. Mkono wa kulia ukalala, ulimi ukafungika. Akawa anashinda nyumbani kwetu Amani, uso kaugeuzia ukutani, hataki hata kutazamwa. Daktari alisema tumzungumzishe. Tulimzungumzisha, hakujibu, na mimi nikaanza kuogopa kwamba atakufa bila kuniita tena kwa jina langu.

Basi ikafika Ijumaa moja. Ijumaa Darajani, adhana ikilia, wanaume hutupia gunia au kanga juu ya bidhaa zao wakenda msikitini, na hakuna anayegusa kitu. Wanawake wenzangu walikuwa wamejilaza kivulini nyuma ya vizimba. Nikabaki mimi, paka, na zile meza za saruji za mnada.

Ndipo akaja bibi mmoja, buibui jeusi, na miguuni kavaa mabuti ya mvua. Mabuti ya mvua, kwa joto lile! Ningecheka, lakini we unajua tulivyolelewa: mgeni usiyemwelewa mtazame miguu kwanza, kama ni ya mtu au ni kwato. Sasa ndani ya mabuti nitatazama nini?

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi mnadi wangu? Kila Ijumaa akiniwekea samaki hapa pembeni. Siku hizi nnakuta meza tupu."

Ni kweli baba alikuwa na desturi hiyo. Mnada wa Ijumaa ukimalizika, kabla hajaenda kusali, alimwacha samaki mmoja kwenye pembe ya meza akasema, "Huyu wa wenyewe." Sisi tulidhani anawakusudia paka. Alipougua, hakuna aliyeikumbuka desturi yake.

"Mnadi anaumwa, bibi. Hasemi."

"Basi nadi wewe."

Nilikuwa na samaki mmoja tu kikapuni, changu, wa chakula cha baba. Nikamlaza mezani. Wallahi, paka wote wa soko wakaja wakajipanga mbele ya meza, safu imenyooka kama wanaosali, na hakuna hata mmoja aliyemnusa yule samaki. Nikafungua mdomo. Yaliyotoka yalikuwa maneno ya baba hasa, na mbwembwe zake zote, ambazo sikujua kama ninazo.

"Haya, changu wa Fumba huyu, jicho bado linakonyeza. Nani anaanza?"

"Mimi," akasema bibi. "Pesa sina. Nnatoa ulimi wa babaako."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mnadi wa kweli angeuliza nani zaidi. Mimi sikungoja. Nikasema, "Kauzwa, bibi, mchukue."

Akamtia samaki ndani ya buibui, akanitazama kama mtu aliyepata kitu kwa bei asiyoitarajia, akaondoka. Nilifumba macho nikapiga bismillahi. Nilipofumbua, paka walikuwa wameshatawanyika na njia ilikuwa tupu.

Nilifunga biashara nikaenda Amani mbio. Nikakaa kitandani kwa baba, nikamsimulia. Nilipofika kwenye paka, mabega yake yakaanza kutikisika. Nilipofika kwenye bei, akageuka kutoka ukutani. Mdomo ukahangaika, kisha ikatoka sauti nzito, ya kuburuta.

"Rahisi," akasema. "Yule, ukimbana, hupanda."

Nililia pale pale, nalia huku nacheka. Mama jikoni akaangusha sufuria.

Sasa baba anasema. Anasema polepole, na mengi anayoyasema ni kunilaumu mimi kwa kuuza rahisi, maana mkono wake bado umelala. Daktari anasema ni mazoezi tu, na mazoezi hatuachi. Lakini kila Ijumaa naweka changu kwenye pembe ya meza, na baba keshanifundisha namna ya kupandisha bei. Bibi hajarudi bado.

Nawe ukipita Darajani wakati wa sala ya Ijumaa ukamkuta, usikimbie, wala usihangaike na miguu yake. Mwamkie. Akikwambia unadi, nadi, lakini usiwe na pupa kama mimi. Akitaja bei ya kwanza, ikatae. Na ukishapata chako, nakuomba, mwambie kwamba yule mnadi wake bado hajaweza kunyanyua mkono, na bintiye yupo hapo hapo, anamsubiri na samaki mbichi.