Niliombea Mtoto wa Madam Akapona, Wangu Nikamzika

Admin, usiweke jina langu, na la mtoto nimelibadilisha. Madam wangu hasomi page za Kiswahili lakini majirani zangu wanasoma.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita. Kwetu ni Vihiga, ila nakaa Kawangware na nafanya kazi ya shamba kwa boma la madam huko Lavington, mtaa wa matajiri, kazi ambayo utaitwa shamba boy hata ukiwa na mvi. Mke wangu hufulia watu nguo huko Muthangari. Nimeokoka tangu ujana wangu, na kanisani kwetu mtu akiugua mimi ndiye huitwa. Wanasema maombi yangu yanasikika. Tulikuwa na mtoto mmoja, Sheila, wa miaka minne.

Baridi ya Julai ilipoingia, mtoto wa madam aliugua kifua. Ni wa umri sawa na Sheila, hata nguo zake zikianza kumbana huwa zinakuja kwangu. Siku wanampeleka hospitali, madam alisimamisha gari kwa geti, akashusha kioo, akachukua mkono wangu ukiwa na matope hivyo hivyo, akauweka juu ya kichwa cha mtoto. "Baba Sheila, please, niombee mtoto. Wewe Mungu hukusikia." Niliomba hadi machozi yakanitoka. Sikuwa naigiza, yule mtoto nampenda.

Siku mbili baadaye Sheila naye akaanza kukohoa. Nilidhani ni homa tu, nikamnunulia dawa ya kikohozi kwenye duka la dawa pale Adams Arcade. Kesho yake mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Tukakimbia hospitali ya serikali. Watoto walikuwa wamejaa, wawili wawili kitandani, na oksijeni walikuwa wanangojeana. Nesi mwenyewe alikuwa karibu kulia kwa kuchoka, huyo simlaumu. Nilimwandikia madam ujumbe kwamba Sheila amezidiwa na oksijeni haijamfikia, naye akajibu akiwa wodini na mtoto wake: "Woiye Baba Sheila, pole. Tuombeane tu, Mungu ni wetu sote." Basi nikaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto wangu, mkono ule ule, nikaomba maneno yale yale. Sheila alikufa mchana huo akingoja zamu yake.

Tulimzika nyumbani Vihiga akiwa amevaa gauni la mtoto wa madam, lile la maua ya njano, kwa sababu alilipenda sana. Pesa za kumsafirisha zilipatikana haraka, watu walichanga, na madam alitoa kuliko wote. Mchungaji akasema kazi ya Mungu haina makosa. Hayo maneno nimeyasema mimi mwenyewe kwa matanga ya watu, nimepiga shati pasi, na sikujua yanauma namna hiyo. Akaongeza kwamba Mungu alimpenda Sheila zaidi. Nilitaka kumuuliza, kwani mimi nilimpenda kidogo?

Niliporudi kazini nilimkuta mtoto wa madam anakimbia kwa nyasi. Madam alinikumbatia huku analia. "Pole sana, Baba Sheila. Lakini lazima niseme, maombi yako ndio yalimponya huyu. Hata daktari alishangaa." Nilisimama pale nimeshika reki nikiwaza, labda Mungu alinisikia lakini akakosea geti. Kuna siku huyo mtoto akicheka moyo wangu unaniambia mambo mabaya sana, Mungu anisamehe. Mnaona? Simwamini tena, na bado namwomba msamaha. Ni mazoea.

Sasa Jumamosi hii kuna ibada ya shukrani hapo kwa boma. Madam ameita watu wa kanisa lake, amekodi hema na viti, na anataka nisimame mbele yao niombe. Hata suti ameninunulia. Mimi sitaki. Nimechoka kufunga macho na kuongea na mtu ambaye sijui kama yuko.

Juzi jioni nikamwambia mke wangu ukweli. Alikuwa anasonga ugali. Nikasema, "Mama Sheila, Jumamosi siendi. Mimi siamini tena kama kuna Mungu."

Nilitarajia anipigie kelele. Aliacha mwiko ndani ya sufuria, akaniangalia. "Kama Mungu hayuko, mtoto wangu yuko na nani saa hii?"

Tulikaa hivyo mpaka ugali ukaungua.

Sheila alikuwa na tabia ya kujitupia blanketi mbali akilala, na mama yake alikuwa akiamka kumfunika. Siku hizi kabla hatujalala mke wangu anapiga magoti upande wake wa kitanda. Haombi chakula wala kodi. Anasema tu, "Baba, mfunike. Huyo hutupa blanketi." Halafu anangoja niseme Amina, maana kwetu mimi ndiye huitikia. Jana nilinyamaza. Akarudia, polepole, "Baba, mfunike." Nikasema Amina, naye akapanda kitandani akalala.

Tafadhali msinitumie mistari ya Biblia, mingi naijua kwa kichwa. Na nyinyi mtakaoandika kwamba hakuna Mungu, mwende polepole, kuna kina mama waliozika watoto wanaosoma hapa. Nishaurini mimi tu. Jumamosi nivae ile suti niende kudanganya watu? Na nyumbani je? Nikiacha kusema Amina, huyu mama atalalaje akijua mtoto wake hajafunikwa?