Kambale Mzima na Perege Aliyekufa

Jirani yangu alikubali kuonja samaki. Mara moja tu, alisema, akanyoosha kidole kimoja nisije nikadai mara mbili. Ni mkulima wa kijiji cha Qurus aliyehamia mjini Karatu uzeeni. Mimi nilizaliwa kando ya Ziwa Victoria, nikauza mitumba hapa mpaka magoti yakagoma. Tangu mke wangu afariki, chai ya asubuhi nanywa na jirani huyu. Chakula cha jioni nala na redio.

"Ninyi watu wa ziwa mnakula binamu zake nyoka," hunitania.

Kwa hiyo nafasi hiyo moja ilikuwa kubwa. Akimpenda samaki, jioni zangu zingepata mtu.

Nikaenda naye sokoni asubuhi. Mama anayeleta samaki wa Ziwa Eyasi alikuwa ameshusha mzigo kutoka kwenye pikipiki: beseni la perege waliovuliwa usiku, na ndoo yenye kambale mmoja mzima, anapiga mkia.

"Huyo!" jirani akasema. "Ana nguvu kama ndama."

Ila kuwa mzima si kuwa mtamu. Kambale anaweza kukaa ndooni siku kadhaa bila kula, akawa anajila mwenyewe. Nilipitisha kidole gumba nyuma ya kichwa chake: kichwa cha mheshimiwa, mgongo wa mwenye njaa. Nikanusa kidole. Tope tupu. Nyama ya namna hiyo sufuriani inageuka maji.

Nikageukia perege. Mke wangu alinifundisha hivi: usimsikilize muuzaji, sikiliza kidole. Nikambonyeza mmoja ubavuni, nyama ikarudi ilivyokuwa. Nikabonyeza tena, maana mara ya kwanza hata samaki anaweza kubahatisha. Matamvua mekundu, tumbo limekaza, mgongo mnene mpaka karibu na mkia.

"Baba, unanunua au unamkanda?" mama akauliza.

"Namkanda. Akipata nafuu nitamnunua."

Nikachukua wawili, na ndimu mbili za nyongeza baada ya kuomba tatu. Tulipofika kona ya kwetu jirani akasema:

"Yule mzima umemwacha."

"Nimemwacha."

"Na hawa, nani kawachinja?"

"Samaki hachinjwi, mzee mwenzangu. Ukimtoa majini anakufa."

"Kwa hiyo wamejifia."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nimeishi na watu wa Karatu miaka mingi, nimekula nyama kwao sikukuu hata sikukuu, na ninajua kabisa kwamba kwake ng'ombe aliyejifia ni wa mbwa. Nilijua, na bado nikacheka.

Jioni nilipika perege kwa nyanya na vitunguu, nikasonga ugali, nikaweka sahani mbili. Ukungu ulishuka, ugali ukaanza kupoa. Nikaenda kubisha kwake. Taa ilikuwa inawaka.

"Tumbo halijakaa sawa," akajibu bila kufungua. "Kula tu, mzee mwenzangu."

Nikala. Nyama ilikuwa inaachia mfupa kwa vipande vinene, vyeupe, vitamu hadi kwenye mwiba, bila hata chembe ya tope. Nikala wangu, halafu nikala wake. Tangu nifike Karatu sijawahi kuchagua samaki vizuri kiasi kile, na redio haikusema lolote kuhusu jambo hilo. Nikaosha sahani mbili, ingawa moja ilikuwa safi.

Asubuhi tulikunywa chai kama kawaida. Akazungumzia maharage yake. Nami nikazungumzia maharage yake.

Siku ya soko iliyofuata nilirudi kwa yule mama. Nikachungulia ndoo: kambale, mzima, kichwa kikubwa, mgongo mwembamba. Sikumbonyeza.

"Huyu."

"Baba, wewe si ndiye uliyemkataa mwenzake juzi?"

"Juzi nilikuwa najua samaki."

Akacheka, akaniazima ndoo. Njiani nilikuwa napanga: chumvi nyingi, ndimu nne, nimkande mpaka utelezi utoke, nimbadilishie maji mara mbili. Tope litapungua. Halitaisha.

Nilipofika kwetu, jirani alikuwa kibarazani kwake anachambua maharage. Nilipita mbele yake polepole, kambale anapiga mkia, maji yanarukia suruali yangu. Kisha nikajifanya nimesahau kitu, nikarudi, nikapita tena.