Utani Niliomfanyia Mwalimu Mgeni

Nichekeni, lakini taratibu. Juzi, huku nikisubiri jibu la mshenga wangu aliyekwenda Kigwa kuniposea, mwalimu mkuu wetu hapa Kwihara alinipa andalio la somo la mwalimu mgeni, nimrekebishie kabla Mzungu wa elimu hajaja kukagua. Nikasikia ametoka Dar es Salaam. Basi ni Mzaramo, mtani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za misafara! Sikumhurumia.

“Mtani, somo la kilimo halina hata jembe! Watoto watalima kwa ulimi, kama ninyi? Waonyeshe kitu kwanza, maneno baadaye.”

Akapokea andalio lake, akajibu:

“Ahsante, mwalimu. Nitaleta jembe. Ila mimi ni Mnyamwezi wa Kigwa, Pwani nilisoma tu. Mshenga wako nilimpokea mimi nyumbani kwetu, na baba ameniagiza nikuangalie tabia kabla hajajibu.”