Kapteni wa Chumba cha Nyuma

Mtaani walimwita Kapteni, naye hakuwahi kuwasahihisha. Ukweli ni kwamba kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mpima mizigo wa uwanja wa ndege. Begi linapanda mizani, anasoma, anaandika, anabandika karatasi, haya, mwingine. Ndege alizozipimia mizigo hazina idadi. Alizopanda ni sifuri.

Alipostaafu, binti yake, muuguzi katika mji ulio upande wa pili wa nchi, alimnunulia kompyuta yenye programu ya kurusha ndege. Ndani yake mlikuwa na ndege chungu nzima, zikiwemo za kisasa zinazojiendesha huku rubani anakunywa kahawa. Kapteni akazipita zote kwa dharau, akachagua moja kongwe ya injini mbili na mapangaboi, iliyoundwa kabla babake hajaoa. Kutoka mji wake hadi mji wa binti ilichukua saa tano kamili, na hakukubali kupunguza hata dakika. Programu ilikuwa na kitufe cha kuharakisha muda, akakibandika plasta. "Angani hakuna njia ya mkato," alisema, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa mawinguni.

Chumba cha nyuma kikageuka uwanja wa ndege. Alinunua kiti cha gari bovu kwa fundi, akakifunga na mkanda wake. Kabla ya kila safari alipima kila kitu: yeye mwenyewe, chupa ya chai, mkate, na mkewe. Mkewe alikuwa abiria, apende asipende, hata kama safari nzima yuko jikoni anakata vitunguu.

"Vua ndala, Mama."

"Ndala nazo mzigo?"

"Kila kitu ni mzigo."

Mkewe alipanda mizani huku akimwomba Mungu wageni wasiingie. Uzito wote uliingizwa kwenye kompyuta bila kuibwa hata gramu.

Hapo ndipo palipokuwa na kichekesho alichokijua peke yake, na hakikumchekesha. Kazini Kapteni alikuwa mtu wa watu. Begi limezidi kilo sita? "Mzee wangu, nihurumie, nampelekea mama dawa." Basi anaandika ishirini, kiwango kinachoruhusiwa. Mwingine ana harusi, mwingine ana vitabu, mwingine ni jirani tu. Huruma ilimfanya apendwe na wasafiri wote, na ilimfanya ajue jambo ambalo marubani hawakulijua: ile karatasi ya uzito waliyoisaini kwa imani ilitungwa na yeye. Haikuanguka hata ndege moja. Lakini kila moja ilipopaa alisimama kuitazama mpaka ipotee. Aliogopa ndege. Aliogopa hasa, na asingemwambia mtu hata akiwekewa kisu shingoni.

Kisha binti akajifungua mtoto wa kike, mjukuu wa kwanza. Kwa basi ni siku mbili, na mgongo wa Kapteni ulishakataa mabasi kwa cheti cha daktari. Miezi minne akasema "nakuja, nakuja", mpaka binti akachoka, akatuma tiketi mbili za ndege za Jumamosi asubuhi. Kapteni alizionyesha kwa kinyozi, kwa muuza duka, kwa kila aliyesimama. Nyumbani akatangaza kwamba kabla ya kusafiri lazima Ijumaa aikague njia.

Ijumaa akapaa. Programu ile huleta hali ya hewa ya siku yenyewe, na juu ya milima alikutana na wingu zito. Injini za zamani zikiingia katika baridi ya namna ile hushikwa na barafu ndani ya kabureta. Kuna mpini wa kuzipasha moto, na Kapteni aliujua kama mlango wa nyumba yake. Bahati mbaya dakika ile alikuwa anamega mkate. Injini ya kushoto ikakohoa, ya kulia ikaifuata kwa heshima, na milima ikaja kwenye kioo.

Mkewe aliingia na chai akakuta skrini nyekundu.

"Vipi?"

"Tumekufa."

"Wote?"

"Wewe ulikuwa nyuma. Pengine umeumia tu."

"Ahsante," mkewe akasema, akaweka kikombe. "Mabegi nimeshafunga. Shati lako la bluu nimelipiga pasi."

"Mama, huoni? Njia haifai! Mtu mwenye akili hawezi..."

"Mzee, unaogopa."

"Mimi?" Akacheka. Alicheka peke yake, na kicheko kikaisha mapema kuliko alivyotaka.

"Kuogopa si dhambi. Ungeniambia ningekushika mkono. Lakini nikikaa humu kusubiri mawingu yako yaishe, yule mtoto ataolewa sijambeba."

Jumamosi asubuhi mkewe akaondoka peke yake. Akiwa uwanjani alipiga simu. "Tiketi yako nimewaomba, wamekuhamishia ndege ya saa nane. Inafika saa kumi. Nitamwambia mwanao akusubiri. Kama huji, mwambie wewe mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Haki ya Mungu, Kapteni alijaribu. Alivaa shati la bluu, akachukua begi, akafika mpaka getini. Pale akasimama, mkono kwenye komeo. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, naye akajipoza kwa methali hiyo, akarudi chumba cha nyuma kutuliza mawazo kidogo. Saa tano na nusu akafunga mkanda. Alijiahidi kwamba akivuka milima salama, basi, ataenda. Kwamba milima iko mbali, na hadi aivuke na kutua ndege ya saa nane itakuwa imeshaondoka, hilo hakulipigia hesabu. Simu akaizima, maana rubani hashiki simu akiwa angani.

Safari hii mkate hakuugusa. Mpini aliuvuta mapema, injini zikanguruma bila kukohoa, na milima ikapita chini kimya. Saa kumi na nusu magurudumu yakagusa lami ya mji wa binti yake, polepole, kama mtu anayeweka yai mezani. Hakuwahi kutua vile maishani mwake. Akaiegesha ndege mbele ya jengo la abiria, akazima injini ya kushoto, akazima ya kulia, akapiga kofi moja la furaha. Katika furaha hiyo alisahau kila kitu. Akawasha simu, akampigia binti.

"Mwanangu! Nimetua!"

"Baba!" Nyuma ya sauti yake kulikuwa na makelele ya watu na magurudumu ya mabegi. "Jamani, Baba! Mama alikuwa na shaka, nikamwambia wewe subiri, Baba atakuja. Uko wapi? Abiria wote wametoka, hatujakuona. Tuko hapa mlangoni. Mtoto nimemvalisha njano ili utuone upesi."

Kapteni akatazama skrini. Jengo lilikuwa lile lile, na mlango ulikuwa ule ule, na kibao juu yake. Walioitengeneza programu hawakuchora watu.

"Baba? Umetokea upande gani?"

Akafungua mkanda wa kiti, akakaa nao mkononi.

"Niko nyumbani, mwanangu," akasema. "Naogopa ndege. Nimeziogopa siku zote."

Kapteni akasikia mtoto akipiga chafya, kisha akamsikia binti yake akisema, si kwake, kwa sauti ya chini, "Mama, twende."