Birika ya Sifa mbele ya Bunduki

— Birika ilitoka kwangu na mufuniko wake, Faridah. Sasa inarudi kichwa wazi. Mufuniko umeula?

— Mama Sifa, wageni wa Idi walikuwa wengi. Nitautafuta.

— Tangu Idi unatafuta! Wachimbaji wa Kabambare wanaona dhahabu chini ya udongo, weye mufuniko ndani ya nyumba yako unakushinda.

Huyo ndiye Sifa, anayepikia watu bugali na samaki sokoni Kasongo, akimugombeza jirani yake Faridah aliyeazima birika. Mume alikufa, ndugu za mume wakabeba hata milango. Yeye akabaki na sufuria moja na ulimi. Kwa hivyo viwili amelea mabinti wake. Na kwake hakuna anayekula bila Sifa mwenyewe kumunawisha, kama katika nyumba za zamani za mji huu. Uwe mwenye duka, uwe muchimbaji mwenye tope mpaka masikioni, unatoa mikono miwili, unamwagiwa maji.

Asubuhi ile kwenye benchi yake alikaa mulinzi wa machimbo ya dhahabu, bunduki mapajani, pombe kali ya lutuku imeshamupanda kichwani. Alikuwa ameagiza samaki. Nourdine, motari wa kubeba abiria, akasimamisha pikipiki karibu. Mulinzi akaruka: "Leta ufunguo!" Nourdine akasema pikipiki si yake. Mudomo wa bunduki ukamugusa kifuani.

Soko lote likaingia chini ya meza. Wanaume wenye mabega ndio walitangulia, nasema nilichokiona.

Sifa alibaki amesimama na birika mukononi. Baadaye aliniambia aliyoyafikiri. Akipiga kelele, kidole cha mulevi kinaweza kushtuka. Akinyamaza, Nourdine anakufa mbele ya sufuria yake. Akimurukia, mabinti wake wanakuwa yatima mara ya pili. Akatazama bugali ikitoa moshi, akakumbuka: huyu mutu bado hajanawa.

Akachukua beseni na sabuni, akaenda polepole. Faridah akamufuata nyuma.

— Chef, mukubwa wangu, bugali inapoa. Nawa.

— Ondoka, mama!

— Niende wapi? Hapa ni kwangu. Nawa, ule. Pikipiki haikimbii.

Mulinzi akamutazama, akatazama samaki. Akatoa mukono mumoja. Mwingine ukabaki kwenye bunduki.

— Mukono mumoja? Nani alikulea weye, bata?

Chini ya meza mutu akacheka. Mulinzi akaona haya, haya ya mutoto kabisa. Akaegemeza bunduki kwenye benchi, akatoa mikono miwili. Sifa akamwaga maji, akamupaka sabuni mpaka kwenye viwiko, povu likajaa. Na Faridah, Faridah yule anayeogopa hata jogoo, akaikumbatia bunduki na kukimbia nayo. Mulinzi akashika nguo yake. Vidole vikateleza kama samaki mubichi. Nourdine akamuangusha. Ndipo yale mabega yakatoka chini ya meza.

Vigelegele vililia mpaka watu wa musikitini wakatoka kuuliza ni harusi ya nani.

Mulinzi akafungwa miguu akimungojea mukubwa wake. Sifa akamuwekea bugali mbele.

— Kula. Maji yangu hayamwagiki bure.

Akala, machozi yakiingia ndani ya muchuzi.

Faridah akarudi mikono mitupu. Bunduki alikuwa ameshaikabidhi kwa mukubwa wa soko.

— Mama Sifa, ule mufuniko...

— Mufuniko gani? Achana nao, nimekusamehe. Kaa hapa, leta mikono.

Na akamumwagia maji.