Nilivyomtoa Baba Mkwe Chooni kwa Kompresa

Jamani, mnicheke tu, maana hata mimi nikikumbuka siku ile natamani kujifunika shuka.

Mimi ni fundi ujenzi, na pale Kinampanda nilikuwa nimekata kilima chini ya nyumba ya baba mkwe nipate kiwanja changu, nikajenga ukuta wa kuzuia udongo, lakini ukuta peke yake usingeweza, mvua zikianza nyumba ya wazee ingeshuka yote. Nikakodi mashine ya kutoboa, inayoendeshwa kwa upepo wa kompresa, niweke nanga: unatoboa tundu refu kupita ukutani mpaka ndani ya kilima, unaingiza nondo, unajaza rojo la saruji, likikauka unaivuta nondo kwa jeki na kukaza nati, basi ukuta unashikwa na kilima chenyewe.

Sasa juu kule kuna choo cha mzee, na shimo lake sikujua limeelekea wapi. Wewe, mkwe mwenye adabu zako (mimi hata kula naye meza moja siwezi), unaanzaje kumuuliza habari za choo? Nikasema nitakadiria kwa macho. Fundi mzima!

Nikatoboa, watu wamejaa kuangalia, najisikia kweli kweli, mara mashine ikazama kama imeingia kwenye uji, na upepo wa kompresa ukapata njia nyingine. Juu kukanguruma, mlango wa choo ukafunguka kwa kishindo, na nani anatoka mbio, suruali kaishika kwa mikono miwili? Baba mkwe.

"Shemeji, zima!" mdogo wa mke wangu akapiga kelele. "Mama naye yuko bafuni!"

Watu wakagaagaa kwa kicheko. Nilitaka kukimbilia Singida mjini nisirudi tena, lakini mawingu yalikuwa yanajikusanya na nyumba ya watu bado inaning'inia. Nikanawa uso, nikapanda juu, nikasimama mbali, macho chini.

"Shikamoo baba. Naomba unionyeshe shimo lilipofika."

Akachukua fimbo, nikaona nimekwisha, kumbe anachora ardhini. "Limeenda huku. Mbona hukuuliza, mkwe?"

"Niliona aibu, baba."

"Hata mimi niliona unatoboa kuelekea huku," akasema polepole, "nikaona aibu kukwambia."

Tundu lile nikaliziba, nikatoboa mengine pembeni, na mvua zilipokuja nati zote zilikuwa zimekazwa. Nyumba ipo. Ila tangu siku ile, mwenye nyumba awe shehe, awe askofu, siwashi mashine kabla sijamuuliza choo chake kimefika wapi, tena namuuliza kwa sauti.