Monika Again

Kitinda mimba wangu anasoma chekechea ya Kiingereza, na kila jioni hukaa barazani akiimba alichofundishwa: again, again, again. Anaimba kwa raha zake, mdomo umejaa karanga. Mimi huku jikoni nagonga sufuria nisimsikie. Jamani, hilo neno nililijua kabla sijajua hata kusema asante kwa Kiingereza.

Nilifeli darasa la saba kule kwetu Mwankoko. Enzi hizo za ruksa maduka yalishaanza kujaa sabuni na mitumba, ila kurudia darasa la saba ilikuwa marufuku. Baba yangu, mkamua alizeti, hakutaka kusikia. Alinipeleka kwa shangazi, kijiji cha mbali, na mwalimu mkuu wa huko akanipa jina la mwanafunzi aliyekufa kwa surua na ambaye jina lake halikuwa limefutwa kwenye daftari la shule. Jina langu mwenyewe, Halima, nikaliacha nyumbani. Asubuhi ya kwanza wakaita, "Monika!" Nikaitika, na darasa zima likageuka kunitazama. Monika wao walikuwa wamemwimbia kaburini muhula uliopita.

Mwalimu wa Kiingereza alikifurahia kichekesho hicho kupita kiasi. Siku hiyo alifundisha neno moja tu. "Again," alisema, huku akinisimamisha na kunikalisha, akinisimamisha na kunikalisha, mpaka magoti yakauma. "Maana yake, kitu kilichokwisha kimerudi. Nani ana mfano?" Mvulana mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Monika again!" Mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi. Tangu hapo likawa ndilo jina langu, kisimani, njiani, kila mahali. Watoto wana roho mbaya, mtu asikudanganye.

Ndivyo mama yake Monika alivyopata habari, kwa kusikia jina la mwanawe likipigiwa kelele njiani. Hakuna aliyekuwa amemwomba ruhusa. Shangazi alijifunga kanga akaenda kumpigia magoti, maana neno lake moja kwa afisa elimu lingetosha: nafukuzwa, na mtihani ndiyo basi. Yule mama alisikiliza huku akipepeta mtama. Mwisho akasema, "Awe anapita hapa akitoka shule. Nitamwita, aitike."

Nikawa napita. Anasimama mlangoni, macho kayaelekeza njiani, hanitazami mimi. "Monika!"

"Abee, mama."

Anatikisa kichwa. "Tena."

"Abee, mama."

Siku nyingine ananirudisha mpaka kwenye ua wa michongoma nije upya, tena mbio, kwa sababu wake alikuwa akija mbio. Sauti ikinikauka ananiambia, "Hakuitika hivyo. Tena." Nilimchukia, nawaambia ukweli. Nilimchukia kuliko mwalimu, maana kipindi cha mwalimu kilikuwa na kengele ya kukimaliza.

Lakini hakunisema kwa mtu. Nilifanya mtihani, na matokeo yalipotoka nilikuwa nimechaguliwa kwenda sekondari. Nilikimbia moja kwa moja hadi kwake, sikungoja hata kuitwa. "Mama, nimefaulu! Naondoka wiki ijayo!" Nilitegemea angalau kikombe cha togwa. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza, akanitazama sana.

"Nenda," alisema. "Usipite hapa tena."

Akafunga mlango, mchana kweupe. Mimi huyoo, njia nzima nacheka, nimepona.

Vyeti vyangu vyote vinasema Monika. Kazini wananiita Monika, mume wangu alinioa Monika. Halima alibaki kwa mama yangu tu, na mama naye ametangulia. Miaka yote hiyo nilisema yule mwanamke alikuwa na roho ya jiwe. Halafu nikazika mtoto wangu wa kwanza, nikarudi nyumbani, nikafunga mlango mchana kweupe, na mkono ukiwa bado kwenye komeo nikamkumbuka. Kumbe siku ile alikuwa anamzika Monika wake again, na safari hii marehemu alikuwa anaondoka kwa miguu yake, anarukaruka, anacheka, wala hageuki nyuma.